Kiti cha Pili: Historia ya Urithi wa Madaraka katika Malawi

Katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya mji wa Lilongwe, pana makazi ya wakimbizi yaitwayo Dzaleka. Ukipita sokoni kwake utasikia Kiswahili cha Uvira na cha Bukavu, na kile kilichosafiri na watu kutoka Bujumbura kupitia Tanzania, kikichanganyika na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kichewa cha wenyeji. Na wengi wa wanaokisema ni watu waliozikimbia nchi ambamo suala la nani ashike hatamu baada ya nani lilihukumiwa kwa bunduki. Lakini kabla ya kuwa kimbilio mahali hapo palikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa ni kudhaniwa tu kwamba wanakitamani kiti cha mkubwa wao. Kwa hiyo mwenye kutaka kuelewa jinsi dola ya Malawi ilivyolea warithi katika ofisi zake, au ilivyokataa kuwalea, hana budi kuzitazama Dzaleka na Lilongwe kwa pamoja, moja ikiwa mahali amri zilipopelekwa na ya pili mahali zilipotoka.

Vijana waliomwita mzee, 1958–1963

Nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Nyasaland, ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1891, na mwaka 1953 iliunganishwa na Rhodesia mbili katika Shirikisho ambalo Waafrika wake hawakulitaka. Chama cha Congress, kilichoasisiwa mwaka 1944, kikaangukia mikononi mwa vijana wenye elimu na ari: Henry Masauko Chipembere, Dunduzu Chisiza na nduguye Yatuta, na Kanyama Chiume, aliyelelewa na kusomeshwa Tanganyika akakijua Kiswahili kama mtoto wa Dar es Salaam. Wengi wao walikuwa hawajafika hata miaka 30, na katika nchi inayoheshimu mvi walikata shauri kwamba umma hautawafuata wao bali utamfuata mtu mzima mwenye haiba na elimu kubwa. Ndipo walipomwandikia tabibu Hastings Kamuzu Banda, aliyekwisha kukaa ughaibuni miaka zaidi ya 40, katika Afrika Kusini, Marekani, Uskochi, Uingereza na mwisho Ghana.

Akarejea tarehe 6 Julai 1958, na mwezi uliofuata, katika mkutano wa chama uliofanyika Nkhata Bay, akachaguliwa kuwa Rais wa Congress pamoja na idhini aliyoitaka mwenyewe, nayo ni kuwateua viongozi wengine wote wa chama kwa hiari yake. Mimi naona kwamba hapo, na wala si mwaka 1964, ndipo mambo yalipokatwa. Kwani vijana wale, kwa nia njema kabisa na kwa haraka ya kuling'oa Shirikisho, walimpa mtu mmoja mamlaka ya kuwaweka na kuwaondoa, wakaukuza utukufu wake mbele ya watu kwa nyimbo na hotuba, wasitie sharti lolote la kumrudisha nyuma endapo atakwenda kombo. Ikaja hali ya hatari ya Machi 1959, Banda akafungwa Gwelo katika Rhodesia ya Kusini, wafuasi wake wakatiwa magerezani; Orton Chirwa akakianzisha chama kipya cha Malawi Congress Party na kukishika kama amana, hata mzee alipofunguliwa Aprili 1960 akamkabidhi bila kusita. Dunduzu Chisiza, aliyekuwa mwanafikra wa uchumi miongoni mwao, alifariki kwa ajali ya gari Septemba 1962. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Peni tatu na ripoti ya Skinner, 1964

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964, na haukutimiza miezi miwili kabla baraza la mawaziri halijapasuka. Watu wengi wakisimulia kisa hicho hutaja siasa za nje, yaani urafiki wa Banda na Wareno wa Msumbiji na kusita kwake kuitambua China. Nayo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu utumishi wa umma wenyewe. Ripoti ya Skinner juu ya utumishi huo ilikuwa imependekeza masharti ya mishahara ambayo kwa makarani na maofisa wa Kiafrika yalikuwa kama adhabu, ilhali kazi ya kuwapandisha wenyeji katika vyeo vilivyoshikwa na Wazungu ilikwenda kwa kujikokota. Na juu ya hayo wagonjwa waliokwenda hospitali za serikali wakatakiwa kulipa peni tatu, fedha ndogo kwa mwenye mshahara na nzito kwa mwanamke wa kijijini aliyembeba mtoto mwenye homa.

Mawaziri walimwambia mkubwa wao kwamba kazi za serikali zinatendwa kana kwamba ni mali yake, kwamba wao huzisikia hukumu zake wakati mmoja na umma, na kwamba nchi ikiwa huru haiwezi kuwaacha watu wake nje ya mlango wa ofisi zake yenyewe. Hayo yalikuwa maneno ya watumishi wanaotaka kufunzwa kazi ili waishike kesho. Naye akayasikia kama maneno ya warithi wasiotaka kungoja. Tarehe 7 Septemba akawafukuza Chirwa, Chiume na Augustine Bwanausi, pamoja na Bi Rose Chibambo, mwanamke pekee aliyekuwa na cheo serikalini. Yatuta Chisiza na Willie Chokani wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono wenzao, na Chipembere, aliyekuwa safarini Canada, aliporudi akaacha kiti chake vilevile. Basi katika muda wa siku chache dola changa ikapoteza takriban watu wote ambao wangeliweza kuiendesha baada ya mzee. Chipembere alijaribu uasi Februari 1965, ukashindwa, akafia Marekani mwaka 1975. Yatuta aliuawa Oktoba 1967 alipoingia nchini na kundi dogo la wapiganaji. Chiume alikaa Dar es Salaam miaka mingi, akahariri magazeti na kuandika vitabu kwa Kiswahili.

Gereza na Katibu Mkuu, 1965–1983

Mwaka 1965 zikatungwa kanuni za usalama wa umma zilizoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa wala muda kutajwa, na Dzaleka ikawa miongoni mwa mahali palipotumiwa kwa kazi hiyo, kama ilivyokuwa baadaye Mikuyu karibu na Zomba. Mwaka 1966 nchi ikawa jamhuri ya chama kimoja, na tarehe 6 Julai 1971 Banda akaapishwa kuwa Rais wa Maisha. Mtu akishapewa cheo cha maisha, kila ajaye nyuma yake huwa ni ukumbusho wa kifo chake, na kwa miaka ishirini na kitu iliyofuata siasa ya Malawi ilikuwa ni kuwatafuta na kuwaondoa wenye kukumbusha.

Katiba yenyewe, kwa kejeli chungu, iliwaonyesha kwa kidole. Haikuwapo nafasi ya makamu wa Rais. Bali ilisemwa kwamba kiti kikiwa wazi kitashikwa kwa muda na watu watatu, Katibu Mkuu wa chama pamoja na mawaziri wawili. Hivyo Katibu Mkuu akawa ndiye mrithi kwa sheria, na kiti chake kikawa kaa la moto. Aleke Banda, kijana hodari aliyewahi kukikalia, aliangushwa mwaka 1973 baada ya gazeti moja la Zambia kumtaja kuwa ndiye atakayemrithi Rais. Hakulitamka yeye neno hilo, lilitamkwa na mwandishi wa nchi jirani, na likamtosha. Albert Muwalo, Katibu Mkuu, alitiwa nguvuni mwaka 1976 akanyongwa mwaka uliofuata kwa hukumu ya mahakama ya kimila. Dick Matenje, Katibu Mkuu, alikufa Mei 1983 wilayani Mwanza pamoja na mawaziri Aaron Gadama na Twaibu Sangala na mbunge David Chiwanga. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya utawala kubadilika ikabaini kwamba waliuawa na polisi, ingawa Banda na wenzake walioshtakiwa kwa jambo hilo waliachiwa na mahakama Desemba 1995. Baada ya Matenje kiti hicho kikaachwa kitupu kwa miaka mingi. Hapakuwa na wa kukirithi kiti cha Rais kwa sababu hapakuwa na wa kukikalia kiti kinachokifuata.

Mji mpya, ofisi za mtu mmoja

Mwaka 1975 makao makuu yalihamishwa kutoka Zomba, mji wa kikoloni uliolala chini ya mlima wake, yakapelekwa Lilongwe katika nchi tambarare ya kati, kwa msaada wa mkopo wa Afrika Kusini. Zilijengwa wizara katika kilima kiitwacho Capital Hill, zenye mpangilio na bustani, na mgeni angeweza kudhani kwamba dola iliyojijengea nyumba kama hizo imejiandaa kuishi karne nyingi. Lakini wizara za sheria, kilimo, mambo ya nje na ujenzi zilikuwa mikononi mwa Rais mwenyewe miaka mingi, na makatibu wake wakuu walifunzwa kupeleka faili juu na kungoja lirudi. Mtumishi aliyejaribu kuamua alihatarisha cheo chake, na wakati mwingine uhai wake. Aliyekaa kimya alidumu. Wazungu wakaendelea kuajiriwa katika kazi nyeti muda mrefu baada ya majirani kuwaaga, na mwaka 1981 Rais alipojenga chuo chake cha fahari huko Mtunthama, Kamuzu Academy, ambako watoto walisomeshwa Kilatini na Kigiriki, waalimu wake wote walitoka ng'ambo.

Nidhamu ile ilikuwa na faida zake, na haki yatupasa kuikiri: barua zilijibiwa, hesabu zilifungwa, na karani hakuonekana hadharani akipokea mlungula. Hata hivyo ilikuwa nidhamu ya hofu, na hofu haina mwanafunzi. Novemba 1985 Julius Nyerere alikabidhi Ikulu ya Dar es Salaam kwa Ali Hassan Mwinyi na kwenda zake Butiama, ilhali mwaka huo Lilongwe hata kuuliza Rais ana umri gani lilikuwa jambo la hatari.

Mwaka wa mabadiliko, 1992–1994

Tarehe 8 Machi 1992 ulisomwa makanisani waraka wa maaskofu Wakatoliki, wenye kutaja waziwazi dhuluma na hofu iliyotanda. Mwezi uliofuata Chakufwa Chihana, kiongozi wa wafanyakazi, alirudi nchini akakamatwa uwanjani. Wafadhili wakazuia fedha, wafanyakazi wakagoma, na katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993 zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi. Oktoba ya mwaka huo Rais akaugua akapasuliwa kichwa Afrika Kusini, na baraza la watu watatu likashika hatamu. Mwenyekiti wake alikuwa Gwanda Chakuamba, Katibu Mkuu mpya, ambaye miezi michache nyuma alikuwa bado mfungwa. Dola iliyotumia miaka 30 kuwazika warithi ililazimika kumtoa mmoja gerezani ili ipate wa kutia saini.

Uchaguzi wa tarehe 17 Mei 1994 ulimpa kiti mpinzani Bakili Muluzi, naye mara moja akaamuru magereza ya Dzaleka, Mikuyu na Nsanje yafungwe. Katiba mpya, iliyoanza kazi mwezi huohuo, ikaweka mihula miwili ya miaka mitano mitano, ikaumba nafasi ya Makamu anayepigiwa kura pamoja na Rais, na katika kifungu cha 83 ikasema kwamba kiti kikiwa wazi Makamu atakishika hadi mwisho wa muhula.

Dzaleka ya pili

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi iliangushwa juu ya Kigali. Ntaryamira alikuwa amekishika kiti cha Melchior Ndadaye, aliyeuawa na askari wake mwenyewe Oktoba 1993. Yaliyofuata yanajulikana, na miaka miwili baadaye moto ukavuka mpaka ukaingia Zaire. Malawi, ambayo miaka michache kabla ya hapo ilikuwa imewahifadhi Wamsumbiji wapatao milioni moja, ikaitoa ardhi ya gereza la zamani, na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaanzisha hapo makazi mwaka huohuo wa 1994.

Palikusudiwa watu wapatao 10,000 au zaidi kidogo, na leo wako zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo. Mitaa yake imepewa majina ya Kawale na Likuni, ambayo ni majina ya vitongoji vya Lilongwe, na waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Kuna maduka na vinyozi, shule za Wajesuti, na tangu mwaka 2014 tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na msanii wa Kikongo na kuhudhuriwa na watu kutoka nchi nyingi. Lakini sheria inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha kwa nguvu wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Msimamizi wa kambi ni ofisa wa serikali anayeteuliwa kutoka Lilongwe, ofisa akiondoka huja mwingine, na mkimbizi aliyekaa hapo miaka 25 humweleza upya habari zake. Hilo nalo ni suala la urithi wa madaraka katika utumishi wa umma, japo haliandikwi magazetini, kwa kuwa ofisi isiyotunza kumbukumbu ya aliyetangulia humtoza mwananchi gharama ya kuianza kila mara.

Kura tatu, 2002–2004

Muluzi, aliyeahidi kuufuta utawala wa mtu mmoja, ilipokaribia zamu yake kuondoka akashikwa na maradhi ya kale. Julai 2002 muswada wa kuondoa ukomo wa mihula ulihitaji kura 128 bungeni, ukapata 125, nchi ikaokolewa na wabunge watatu. Aliposhindwa kubaki akaazimia kuchagua mwenyewe wa kumfuata, akampita Makamu wake Justin Malewezi, mtumishi wa serikali wa siku nyingi aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma, akamleta Bingu wa Mutharika, mtu wa nje ya safu ya viongozi wa chama, akidhani atamtawala kwa mbali. Bingu alishinda Mei 2004, na Februari 2005 akakiacha chama kilichomweka, akaunda chake.

Siku tatu za Aprili 2012

Bingu naye alimkamata Makamu wake wa kwanza, Cassim Chilumpha, kwa shtaka la uhaini. Na wa pili, Bi Joyce Banda, akamfukuza chamani Desemba 2010 kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba kiti anaandaliwa ndugu wa Rais, Peter Mutharika. Lakini Makamu amechaguliwa na watu, na Rais hawezi kumwondoa. Akabaki na cheo bila kazi.

Alhamisi, tarehe 5 Aprili 2012, Rais alianguka Ikulu ya Lilongwe kwa maradhi ya moyo, akakimbizwa Hospitali Kuu ya Kamuzu, na uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba alikufa siku ileile. Serikali haikusema. Mwili ulipandishwa ndege ukapelekwa Afrika Kusini kama mgonjwa anayekwenda kutibiwa, huku redio za nje zikitangaza msiba na redio ya taifa ikinyamaza. Usiku wa Ijumaa Kuu mawaziri sita wakatokea mbele ya waandishi wakasema kwamba Rais yumo matibabuni, na kwamba Makamu hawezi kushika nafasi kwa kuwa ameanzisha chama chake. Nyuma ya mapazia ilishauriwa njia ya kwenda mahakamani kumzuia. Naye Joyce Banda akampigia simu mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, akamwuliza kama jeshi litaifuata katiba. Jenerali akajibu kwamba litaifuata, akatuma askari kuilinda nyumba yake. Jumamosi kifo kikatangazwa rasmi, na alasiri ya siku hiyo, katika jengo la bunge la Lilongwe, Jaji Mkuu Lovemore Munlo akamwapisha.

Haikumwagika damu. Wanaosema kwamba Malawi ilinusurika kwa bahati wamekosea, kwani kifungu kilikuwapo tangu 1994, na waliokuwa na silaha na waliokuwa na mhuri walikubali kukisoma kama kilivyoandikwa. Ila ukumbuke kwamba miezi mitatu baadaye, Julai 24, Rais John Atta Mills wa Ghana alipofariki, makamu wake John Mahama aliapishwa siku hiyohiyo, wala hakuhitaji kumpigia simu jenerali.

Tangu hapo

Utawala wa Joyce Banda ulizama katika kashfa ya wizi wa fedha za hazina iliyofichuka Septemba 2013, na mwaka uliofuata Peter Mutharika akashinda. Mwaka 2015 alimkabidhi Makamu wake, Saulos Chilima, tume ya kurekebisha utumishi wa umma. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamekwisha farakana. Uchaguzi wa 2019 ulibatilishwa na majaji tarehe 3 Februari 2020, na Juni ya mwaka huo, siku chache kabla ya kura ya marudio, serikali ikamtangazia Jaji Mkuu Andrew Nyirenda kwamba aende likizo ya kustaafu, ilhali wakati wake haujafika. Mawakili wakaandamana kwa majoho yao, mahakama ikaizuia amri hiyo, naye akastaafu kwa zamu yake. Mpinzani Lazarus Chakwera akashinda, Chilima akiwa mgombea mwenza wake. Juni 2022 akamnyang'anya Chilima kazi zote alizomkasimu kwa tuhuma za rushwa, ambazo zilifutwa Mei 2024. Na tarehe 10 Juni 2024 Chilima na wenzake wanane walifariki ndege ya jeshi ilipoanguka katika msitu wa Chikangawa.

Katika makamu wote tangu 1994 ni mmoja tu aliyefika kwenye kiti cha Rais, naye alifika kwa msiba. Sababu ya msingi inaonekana katika katiba yenyewe, iliyompa Makamu haki kamili ya kurithi lakini ikamwachia kazi zile tu ambazo Rais au bunge watapenda kumpa; na bunge mpaka leo halijampa.

Tarehe 4 Oktoba 2025 Peter Mutharika aliapishwa tena mjini Blantyre, akiwa na umri wa miaka 85, na Bi Jane Ansah akawa Makamu wake. Wabunge wanaokutana Lilongwe wanayo mamlaka ya kutunga sheria itakayoandika kazi za Makamu kwa majina yake, zisiweze kuondolewa kwa barua ya siku moja, na kuwataka makatibu wakuu wa kila wizara wamwandae msaidizi wa kuwafuata. Na waitunge sasa, wakati Rais yu hai na akili yake timamu.